Saa Moja kwa Vyombo Viwili: Namna ya Kuiunganisha Sampla kwa MIDI

Mchukulie mtu aliyeketi na vyombo viwili, sampla kushotoni na kinanda kuliani, akaviwekea vyote mwendo ambao kwa macho ni mmoja, midundo 100 kwa dakika, kisha akavianzisha kwa vidole viwili kwa wakati mmoja. Dakika ya kwanza itapita kwa furaha. Lakini ikiwa saa iliyomo ndani ya kimoja hukimbia kwa sehemu ya kumi tu ya mdundo katika kila dakika, tofauti ambayo sikio haliwezi kuitambua likisikiliza chombo kimoja peke yake, basi itimiapo dakika ya tano vitakuwa vimeachana kwa nusu ya mdundo kamili, na dumbaki iliyorekodiwa katika sampla itakuwa ikilia mahali pale pale isipotakiwa, katikati ya mdundo na mdundo wa kinanda. Mpigaji atavilaumu vidole vyake, navyo havina kosa. Ameviacha vyombo viwili viwe na saa mbili.

Muradi wa mwongozo huu ni kukuonyesha, msomaji wangu, jinsi ya kuvipa saa moja, na baada ya saa, jinsi ya kukifanya kimoja kikipige kingine. Mfano wangu utakuwa Digitakt, sampla iliyotolewa mwaka 2017 na kampuni ya Elektron ya Gothenburg, Uswidi, kwa kuwa ndiyo iliyo mezani pangu na kwa kuwa menyu yake imeyatenga mambo haya waziwazi. Mwenye MPC ya Akai au SP-404 ya Roland atayakuta yayo hayo chini ya majina mengine.

Lugha inayotumiwa ni MIDI, nayo ilionekana hadharani Januari 1983 katika maonyesho ya NAMM huko California, pale Prophet-600 ya Sequential Circuits ilipounganishwa na Jupiter-6 ya Roland, vyombo vya makampuni mawili yaliyokuwa yakishindana sokoni, moja la Marekani na moja la Japani, kimoja kikakipiga kingine kwa waya. Dave Smith na Ikutaro Kakehashi, waliosimama mbele katika mapatano hayo, walitunukiwa tuzo ya ufundi ya Grammy mwaka 2013, na kwa maoni yangu walistahili mapema zaidi, maana ni nadra mafundi wa makampuni hasimu kukubaliana jambo likadumu zaidi ya miaka arobaini bila kuchoka.

Yafahamu mapema mambo mawili. La kwanza, waya wa MIDI hauchukui sauti hata chembe. Huchukua habari tu, kwa kasi ya biti 31,250 kwa sekunde, na sauti husafiri kwa waya wake mwingine. La pili, habari hizo ni za namna tatu zisizohusiana: kuna mipwito ya saa, kuna amri za kuanza, kuendelea na kusimama, na kuna habari za kupiga, yaani nota na vidhibiti. Wengi waliokuja kwangu na malalamiko kwamba sampla yao "haikubali MIDI" walikuwa wamezichanganya namna hizi tatu, wakawasha moja na kuingoja nyingine ije. Ziweke mbalimbali akilini mwako, uzijaribu moja baada ya moja kwa utaratibu nitakaoueleza, na kosa likitokea utajua limo chumba gani.

Tuanze na waya, kwa kuwa usiku mwingi niliopoteza niliupoteza hapo. Chombo chenye matundu ya asili ya pini tano aghalabu kina matundu matatu: IN ipokeayo, OUT itoayo yale chombo chenyewe kiyasemayo, na THRU irudiayo neno kwa neno yale yaliyoingia kwa IN. Basi OUT ya kiongozi huenda IN ya mfuasi, na akiwapo mfuasi wa pili, waya hutoka THRU ya wa kwanza ukaingia IN yake. Waya mmoja usizidi mita 15. Usivifuatanishe vyombo vingi kwa njia ya THRU, kwa sababu kila kimoja huliharibu kidogo umbo la ishara. Vikizidi vitatu, tafuta kisanduku cha kugawia, ambacho hupokea mara moja na kutoa kwa matundu mengi sawia.

Ndani ya IN ya pini tano mna kitaa kidogo na jicho la kukitazama, na ishara huvuka kwa mwanga, ili umeme wa chombo kimoja usigusane na wa kingine. Hii ni hekima kubwa ya waasisi, nasi hatuioni thamani yake mpaka siku tunapoiunganisha sampla na kompyuta kwa USB, huku zote mbili zikipeleka sauti katika mikisa moja, tukasikia mngurumo mwembamba usiokuwapo jana. Mngurumo huo huzunguka kwa njia ya ardhi ya umeme, ambayo USB imeiunga na pini tano zilikuwa zimeitenga. Kama ukiusikia, ondoa USB, rudia waya wa pini tano, na aghalabu utakwisha.

Vyombo vidogo vya siku hizi, SP-404MKII ikiwa mojawapo, vina tundu la milimita 3.5 mfano wa lile la vipokea sauti vya masikioni, nalo huhitaji kiunganishi cha kulifikisha kwenye pini tano. Hapa pana mtego. Kwa miaka mingi watengenezaji hawakuwafikiana pini ya nne iende pete na ya tano iende ncha, au kinyume chake, zikapatikana aina mbili, A na B. Na hata walipokubaliana mwaka 2018 kwamba A ndiyo kanuni, za B zilikwisha kuenea madukani na majumbani. Nilinunua kimoja nisijue haya, nikakaa tangu baada ya isha hadi karibu na saa sita za usiku nikifungua menyu na kuifunga, nikibadili chaneli, nikizima na kuwasha, sampla ikiwa kimya kama jiwe la kaburi. Kando ya meza palikuwa na kiunganishi kingine nilichopewa na rafiki, cheusi vile vile, kifupi vile vile, bila herufi yoyote juu yake. Nilikichukua kwa kukata tamaa, nikakichomeka, na pedi ya kwanza ikawaka taa mara ile. Tangu usiku ule cha A kimefungwa uzi mwekundu shingoni.

Sasa saa. Sala ya jamaa ina imamu mmoja, na maamuma, wawe wawili au elfu mbili, hawarukuu mpaka arukuu yeye. Vyombo navyo ni hivyo: kimoja hutoa mipwito, vilivyobaki huifuata, na viwili vikitoa kwa pamoja kila kimoja kikimsikiliza mwenziwe, utaona namba ya mwendo ikicheza kama samaki aliyetolewa majini, na mdundo ukiruka na kusita bila mpango. Kwa hiyo kabla hujaugusa waya, amua imamu ni nani, na uamuzi huo usiuachie bahati.

Mimi huamua hivi. Katika muziki wa kupigwa mbele ya watu, imamu awe chombo kilicho chini ya mkono wa yule anayemsikiliza mwimbaji, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye lini mwendo uvutwe na lini uachiwe. Katika vikundi vya taarab ya kisasa mtu huyo mara nyingi ni mpiga kinanda, basi kinanda kiongoze. Nyumbani, ambako ngoma zote zimo katika sampla na kinanda huja juu yake kama pambo, sampla iongoze. Kompyuta sipendi kuipa uimamu ila pale ninaporekodi ndani yake na sina njia nyingine. Ina kazi nyingi za kushughulikia kwa wakati mmoja, na mipwito yake hutoka mingine ikiwa imechelewa kidogo, mingine ikiwa imewahi, jambo ambalo sikio hulihisi katika ngoma ya kukaza kabla akili haijalipa jina.

Mipwito ya saa ya MIDI ni 24 katika kila mdundo wa robo. Idadi hiyo hugawanyika kwa mbili, kwa tatu, kwa nne, kwa sita na kwa nane, hivyo mdundo wa kugawika viwili na ule wa kugawika vitatu vyote hupata mahali pake bila baki. Lakini angalia jambo ambalo huwashangaza wengi: mpwito haubebi namba yoyote. Hausemi "mwendo ni 120". Husema "sasa", kisha "sasa", na chombo kifuatacho hupima chenyewe muda uliopo kati ya sasa na sasa. Katika mwendo wa 120 muda huo ni milisekunde 20.83, katika 240, mwendo usio mgeni kwa singeli ya Dar es Salaam, ni milisekunde 10.4 tu. Ndiyo sababu kioo cha mfuasi huweza kuonyesha 119.9, kisha 120.1, kisha 120.0, ilhali imamu wake ametulia kwenye 120. Usihangaike nalo, ni kipimo chake, wala si mwendo uliobadilika.

Katika Digitakt, bonyeza kitufe chenye alama ya gurudumu la meno, uteremke hadi MIDI CONFIG, na ndani yake ufungue SYNC. Utakuta mistari inayokwenda mbili-mbili. CLOCK RECEIVE na CLOCK SEND ni za mipwito. TRANSPORT RECEIVE na TRANSPORT SEND ni za amri za kuanza na kusimama. Sampla ikiwa imamu, washa SEND zote mbili na uzime RECEIVE zote mbili. Ikiwa maamuma, geuza. Sioni sababu ya kuziacha zote nne zikiwaka, na nimeona vurugu nyingi zilizozaliwa na kutozima. Kisha rudi nyuma uingie PORT CONFIG, ambamo OUTPUT TO huchagua habari zitokee kwa pini tano, kwa USB, au kwa zote, na INPUT FROM huchagua ziingilie wapi. Humo humo OUT PORT FUNC iwe kwenye MIDI. Tundu lile lile laweza kuwekwa DIN 24 au DIN 48, ambayo ni desturi ya zamani ya kulinganisha mashine za ngoma za kabla ya 1983. Pini zake zafanana na za MIDI kwa umbo tu, na chombo cha MIDI kikiunganishwa nazo hakitaelewa kitu.

Upande wa pili, kwenye kinanda, tafuta mahali paandikwapo CLOCK au SYNC, palipo na chaguo la ndani na la nje, uweke nje. Sasa jaribu saa peke yake. Usipige kitu, badilisha tu mwendo wa imamu toka 100 hadi 140, ukitazama kioo cha mfuasi. Namba yake ikifuata, saa imefika, na sehemu hii umeimaliza. Isipofuata, kosa limo katika waya au katika menyu mbili hizo, wala usilitafute penginepo. Baadhi ya vyombo hutoa mipwito pale tu vinapopiga, basi kabla ya kukata tamaa mwanzishe imamu.

Amri ya kuanza ni jambo jingine, ingawa hupita waya mmoja na mipwito. Saa yaweza kufika bila amri, na hapo mfuasi atakuwa na mwendo sahihi huku amekaa kimya akingoja mkono wako. Nimeshuhudia mtu akiirudisha sampla yake kwa aliyemwuzia kwa sababu hiyo tu, TRANSPORT RECEIVE ikiwa imezimwa. Imamu akitoa START, mfuasi huanza mwanzo wa wimbo, na mpwito wa kwanza unaofuata ndio mdundo wa kwanza. Akitoa STOP, vyote husimama. Lakini akisimama katikati kisha akatoa CONTINUE, mfuasi inambidi ajue katikati hiyo ni wapi, kama masbuku, yule aliyechelewa akaikuta jamaa imekwisha kuanza, ajiungavyo pale alipo imamu. Kwa ajili hiyo MIDI ina ujumbe wa mahali pa wimbo, unaohesabu sehemu za kumi na sita tangu mwanzo, kila sehemu mipwito sita. Si kila chombo huutii. Kama chako hakiutii, zoea kuanza mwanzo daima, na ukianzisha mfuasi katikati ya wimbo usitarajie akukute.

Tumefika kwenye habari za kupiga. MIDI ina chaneli 16 katika waya mmoja, na nota hutumwa zikiwa na namba ya chaneli, namba ya nota kuanzia 0 hadi 127, na namba ya nguvu ya kidole, nayo ni ya 1 hadi 127. Ndani ya MIDI CONFIG ya Digitakt fungua CHANNELS, nawe utaziona traki zake nane za sauti, kila moja na chaneli yake. Ukitaka kinanda kipige traki ya dumbaki na hiyo tu, kipe kinanda chaneli ya traki hiyo. Ukitaka kipige traki yoyote uliyoichagua kwa wakati huo, kipe chaneli iandikwayo AUTO CHANNEL. Mimi huanza na hiyo ya AUTO kwa anayejifunza, kwa sababu mtu huchagua traki kwa kidole, akapiga kinanda, akasikia. Furaha ya kusikia humfanya apate subira ya kujifunza zile nyingine. Hakikisha pia RECEIVE NOTES imewashwa katika PORT CONFIG.

Usiziamini herufi za nota. Nota ya namba 60, ambayo ni do ya katikati ya kinanda, Yamaha huiita C3 na Roland huiita C4, na watu wawili waweza kubishana saa nzima kuhusu C3 kila mmoja akiwa mkweli. Tumia namba. Tena pedi za sampla hazifuati mpangilio wa kinanda: katika MPC2000 pedi ya kwanza ni nota 37 na ya pili ndiyo 36, ambayo katika kanuni ya General MIDI ni ngoma kubwa ya mguu, kwa hiyo mwenye kutarajia pedi ya kwanza ilie ngoma kubwa atasikia sauti nyingine, na chombo chake ni kizima.

Kwa vidhibiti nitasema machache. Kila kitasa cha kinanda hutuma namba ya kidhibiti na kiasi chake, 0 hadi 127: kidhibiti 7 ni ukubwa wa sauti, 10 ni upande wa kushoto na kulia, na 74, katika Digitakt na katika vyombo vingi, hufungua na kufunga chujio la sauti. Washa RECEIVE CC/NRPN, kipe kitasa kimoja namba 74 katika chaneli ya traki, ukizungushe pole pole wakati dumbaki inalia, nawe utaisikia ikizama kama inapigwa nyuma ya mlango, kisha ikatoka uani. Ujumbe wa kubadili programu nao upo, wa kuhamisha mpangilio mmoja hadi mwingine. Jihadhari tu kwamba ndani ya waya huhesabiwa toka 0, na kwenye vioo vingi toka 1.

Jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha ni wembamba wa njia yenyewe. Baiti moja huchukua mikrosekunde 320 kupita, na nota moja ni baiti tatu, karibu milisekunde moja. Nota kumi zikipigwa pamoja, ya kumi hufika karibu milisekunde tisa baada ya ya kwanza. Mipwito ya saa imepewa haki ya kupita katikati ya ujumbe mwingine, kama mgonjwa mahututi apitishwavyo mbele ya foleni, lakini nota hazina haki hiyo. Kwa hiyo ngoma zako ziandike ndani ya sampla yenyewe, uuache waya uchukue saa na nota chache za kinanda. Na ikiwa kinanda chako kina vitufe vinavyohisi mgandamizo wa kidole baada ya kupiga, zima habari hizo kama huzitumii. Humiminika kwa mamia, zikaijaza njia bila faida.

Ikiwa waya utachomoka kabla ya kidole kuinuka, habari ya kuiachia nota haitafika, na sauti yenye kujirudia italia bila kikomo. Simamisha chombo, au tuma kidhibiti 123, kinachozizima nota zote.

Tena, saa hairefushi wala haifupishi sauti uliyoirekodi, ila umeiamuru sampla kuinyoosha. Kipimo cha midundo minne hudumu sekunde 240 kugawanywa kwa mwendo: vipimo viwili katika mwendo wa 96 ni sekunde tano kamili. Ukimwambia imamu aende 100, vipimo vile viwili vitakuwa sekunde 4.8, na kipande chako cha sekunde tano kitakatwa mkia au kitapandana na mwanzo wake. Wengi huidhania ni saa mbovu. Kikate kipande hicho, kila pigo la dumbaki liwe peke yake na hatua yake katika mpangilio, nawe waweza kuupeleka mwendo utakako bila kuliharibu hata pigo moja.

Hifadhi mradi wako baada ya kuyapanga haya yote, kwa maana katika Digitakt mipangilio ya MIDI hukaa ndani ya mradi, na mradi mpya huanza bila hiyo.

Kisha fanya jaribio la mwisho. Weka pigo moja la dumbaki katika sampla, na lile lile katika chombo cha pili kama nacho kina uwezo wa kulihifadhi, la sivyo chagua humo sauti kavu inayokaribiana nalo. Vyote vipige kwenye kila mdundo, mwendo 100, sauti mbili katika spika moja. Anzisha, uende ukachemshe chai. Ukirudi baada ya dakika tano, sikiliza kabla hujaketi. Ukisikia mapigo mawili, saa haikufika, rudi kwenye SYNC. Ukisikia pigo moja lakini lina uwazi ndani yake, kama limepigwa katika mtungi, vyombo vinafuatana vizuri ila kimoja kinachelewa kwa milisekunde chache, kila mara zile zile. Tafuta katika chombo chochote kati ya hivyo viwili mahali pa kuisogeza saa mbele au nyuma, usogeze kidogo kidogo huku pigo linalia, mpaka mtungi uondoke.